Duara Juu ya Mizinga

9 Machi

Kwa mdogo wangu, mpima ardhi wa serikali,

Umesema nisikupigie simu, nikuandikie. Haya, naandika, ingawa mwandiko wangu unaujua na mwalimu wetu wa darasa la tatu aliukatia tamaa mapema. Barua nampa Mama Mitumba, ambaye hushuka huko kwenu kununua marobota. Anasema askari wa vizuizini wanapekua simu za abiria mpaka picha za harusi, lakini hajaona bado anayeingiza mkono ndani ya robota la nguo za watoto wachanga. Kwa hiyo maneno yetu yatasafiri na nepi.

Nyumbani hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na anakulaumu kwamba umekuwa mtu wa mjini kabisa, huji hata kwenye msiba. Nimekutetea. Nimemwambia kupima ardhi ya nchi nzima si kazi ndogo.

Sasa kilichonikalisha chini. Wiki iliyopita tulikamatwa, mimi na Fundi Baiskeli. Unajua mimi na yeye ni wenza wa mizinga tangu enzi za baba, yeye akishindwa mimi namkagulia, mimi nikishindwa ananikagulia yeye. Unakumbuka pia masharti ya baba. Hakuruhusu hata saa yenye kengele ifike kwenye nyuki. Siku hizi ni simu: ikitetemeka mfukoni, nyuki wanakuja kuipokea wenyewe. Kwa hiyo sisi warina asali watano, tukivuka kile kijito, kila mtu anazima yake. Hatujawahi kulifikiria jambo hilo, ni kama kuvua viatu mlangoni.

Kumbe kuna mtu mahali anatazama. Afisa alitandaza karatasi mezani, ina nukta tano, akatuonyesha zinavyozima pamoja Jumanne na Jumamosi, na baada ya hapo unaonekana moshi. Moshi wa kutuliza nyuki, moshi gani mwingine? Akauliza ni nani ametufundisha kuzima simu tunapokwenda kuonana na waasi. Fundi, unamjua alivyo, akajibu kuwa tumefundishwa na nyuki. Alipigwa kitako cha bunduki, jino la mbele likatoka. Mimi walinikanyaga vidole, ndiyo maana mwandiko huu umepinda kuliko kawaida.

Wametuachia, lakini wametuambia tutazame juu. Kuna ndege yao ndogo isiyo na rubani, sisi tunaiita Mbu kwa ule mlio wake. Anatuzunguka kutwa. Nikiinama kwenye mzinga namsikia kisogoni, na nasikia kwenye mji wa jirani, upande wa pili, alishawahi kuangusha alichobeba juu ya nyumba za watu. Watu wa msituni wanataka jimbo letu liwe nchi peke yake, serikali haitaki, na mimi nataka kurina asali tu. Siku yule anayetazama akichoka kujiuliza sisi ni akina nani, tumekwisha. Naogopa, mdogo wangu. Sijawahi kukwambia hivyo tangu tuzaliwe.

Kama kuna mkubwa unayemjua huko ofisini, mnong'oneze.

Kaka yako


21 Machi

Kaka yangu,

Barua yako niliisoma kazini, nimesimama chooni na mlango nimeufunga, kwa sababu chumba chetu hakiruhusu mtu kuingia na karatasi yake mwenyewe. Hayo ni masharti ya ramani, usishangae. Madirisha yamepakwa rangi, kiyoyozi kinavuma kutwa, na mimi navaa sweta wakati wenzangu huko nje wanajipepea kwa magazeti. Shingo inauma kwa kutazama ardhi. Jioni nikifumba macho bado naona paa za mabati.

Pole sana ya vidole. Fundi naye mpe pole ya jino. Mwambie nilimkataa akiwa na meno yote, sasa asahau kabisa.

Nimelia, kaka, halafu nikanawa uso nikarudi kwenye meza yangu. Kuna mtu hapa anayejuana na wale wa usalama. Ni mtu wa kuaminika, jina lake usiniulize. Ili aweze kuwasemea anahitaji namba za simu zenu wote watano, siku mnazokwenda, njia mnayopita, na mizinga yenu inaanzia wapi na kuishia wapi ukihesabu kutoka kijitoni. Usitie chumvi na usipunguze. Mpe Mama Mitumba kila kitu.

Halafu msibadilishe mwendo. Hilo nakuomba kuliko yote. Endeleeni kuzima simu palepale, siku zilezile. Nasikia kwao anayetiliwa shaka ni yule anayebadilika ghafla.

Wifi mwambie sijawa mtu wa mjini. Ruhusa ndiyo ngumu.

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo wangu,

Huyo mtu wako, sijui nimwite nani, Mungu amzidishie. Mbu haji tena.

Mwanzoni hatukuamini. Tulikwenda Jumanne, kimya. Jumamosi, kimya. Tunamsikia kwa mbali, juu ya barabara, juu ya sokoni, lakini akikaribia kijito anageuza kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Fundi alivua kofia akampungia mkono. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nimefungua mzinga bila kukaza mabega, na nyuki nao wanajua, maana hawakuniuma hata mmoja.

Asali ni ya kutosha. Fundi ametenga kopo zima kwa ajili ya huyo bwana wa ofisini, nami nimemwambia haiwezekani kupeleka asali kwa mtu asiye na jina. Akasema basi ule wewe kwa niaba yake. Kuhusu ujumbe wako wa meno, anasema yeye hajaacha kukuposa, alikuwa anakupa muda wa kufikiri. Mkewe alikuwepo na alicheka kuliko sisi wote. Wana mtoto wa nne sasa, wa kike, na ni Fundi anayemwogesha, maana mkewe mgongo haujarudi sawa.

Kitu kimoja tu, labda si kitu. Majirani wameona pia kwamba Mbu hafiki kwetu. Muuza mkaa aliniuliza, eti nimempa nini. Nilicheka, yeye hakucheka. Na Jumamosi iliyopita nilikuta majivu ya moto ambao si wetu, karibu na mzinga wa mwisho, na majani yamelaliwa.

Usipoteze usingizi kwa hilo. Mshukuru sana huyo mtu.

Kaka yako


19 Juni

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako na siwezi kungoja. Wamehamia kwenye mizinga yetu.

Ni watu kama kumi, wana bunduki, na mkubwa wao namwita Kofia kwa sababu havui ile kofia yake ya sufu. Siku ya kwanza alinikaribisha kwenye eneo la baba yangu kama mgeni, akaniambia nikae. Kisha akainua kidole.

"Sikiliza juu. Unasikia nini?"

Nikamwambia sisikii kitu.

"Ndiyo maana tuko hapa," akasema. "Nani wako huko?"

Nikaapa kwamba sina mtu. Nikamwambia dada yangu mpima ardhi, basi, na watu wa ardhi hawarushi ndege. Wala hakukasirika.

"Basi huyo usiyekuwa naye, msalimie."

Tangu hapo, kila Jumamosi nawapelekea unga na chumvi na betri. Hawalipi, na hilo silalamiki, ningelalamika wapi? Wenzetu watatu wameacha kuja, wamesingizia mashamba. Tumebaki mimi na Fundi. Yeye anasema mizinga ni yake na hawezi kufukuzwa na watu waliokuja jana, halafu anawasalimia vizuri kabisa na kuwachekesha. Bila yeye ningekuwa nimeshachanganyikiwa.

Wiki jana gari la askari lililipuliwa barabarani. Wamekufa askari wanne. Waliofanya hivyo walirudi mbio mpaka kwenye mizinga yangu, wakakaa chini wakala ugali wa unga niliowapelekea mimi, na Mbu alizunguka barabara nzima asije hata karibu. Nilikuwepo. Mmoja alikuwa anacheka huku anatafuna. Sijui hao wanne walikuwa na dada au hawana, lakini nimewafikiria sana.

Sasa huku wengine wananiita mtu wa serikali na wengine wananiita mtu wa msituni, na wote wana ushahidi. Maji yamenifika shingoni. Nakuomba kitu ambacho sikutegemea kukiomba: mwambie yule bwana amrudishe Mbu. Atutazame kama anavyotazama wengine. Hawa wakisikia mlio tu watafunga virago, watahamia kwingine, na mimi nitabaki na nyuki wangu na kile kisogo kinachowasha. Nimekizoea.

Fanya haraka.

Kaka yako


2 Julai

Kaka yangu,

Kaa peke yako usome, na ukimaliza ichome hii karatasi, usiihifadhi hata kipande.

Hakuna bwana. Ni mimi. Sijawahi kupima ardhi ya mtu. Mwaka wa tatu sasa nakaa mbele ya skrini nne, natazama jimbo letu kutoka juu: magari, moto, watu wanaotembea, simu zinazowaka na zinazozima. Tumeapishwa, tumekatazwa kuwaambia hata wazazi. Zile nukta tano zilitoka kwenye meza ya jirani yangu. Nilipita nyuma yake na kikombe cha chai nikaziona, na mimi binti wa mrina asali sikuzitambua. Barua yako ndiyo iliyonifumbua macho.

Nilipopata namba zenu nilichora duara la kijani juu ya mizinga. Ndani ya duara hilo mashine haipigi kengele, na ndege haina sababu ya kupita. Nilimwambia Mkuu wa zamu kwamba nimehakiki, ni raia, na aliniamini kwa sababu kazi yangu huwa safi. Nilijivunia, kaka. Nilikuwa nikilitazama lile duara kila asubuhi kabla ya kuvua mkoba begani. Haikunijia hata mara moja kwamba watu walio chini wana masikio, kwamba mahali pasipopita ndege patajulikana kama vile mahali pasipo na mvua. Wale askari wanne wamekufa kwa sababu ya duara langu.

Nimelifuta. Nimefuta na namba zenu zote tano, ili asije mtu akatafuta nani alizileta na kwa nini mmoja wao ana jina la baba yangu. Mkuu wa zamu nimemwambia taarifa zimepitwa na wakati. Alikuwa anamenya chungwa, akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri.

Lakini Mbu unayemngoja hutamsikia. Siku hizi wanatumia nyingine, inaruka juu sana, haina mlio. Imeshawaona. Imeona pia kwamba kila Jumamosi, mzigo ukifika, wote wanajikusanya mahali pamoja kugawana. Hawatafunga virago kwa sababu hawatajua kitu.

Jumamosi ya tarehe 14 usiende. Jisingizie kuumwa, lala kitandani, wifi akuone umelala. Usimwambie mtu, hata yeye. Kofia akiondoka ghafla watajua humu ndani kuna aliyefungua mdomo, na tuko sita tu tunaolijua jambo hili. Nitafungwa, na kufungwa ndiyo itakuwa nafuu yangu. Nimeyaweka maisha yangu mkononi mwako na sioni aibu kukuomba uyashike.

Nisamehe. Na siku hiyo usitoke ndani.

Mdogo wako


17 Julai

Kaka yangu,

Mama Mitumba hajashuka na mimi sina pa kuuliza. Nikikupigia simu, simu yangu itaonekana. Nikitafuta namba yako kwenye mashine, nitaacha alama. Kwa hiyo naandika tu, nitampa akifika.

Jumamosi nilikuwa kwenye zamu. Nilijua itakuwa siku hiyo, lakini saa sikuijua, na wala sikujua wanangoja nini. Nilidhani wangengoja wajikusanye waonekane. Kumbe miti ni minene pale, picha haioneshi vizuri, na walikuwa wanangoja simu izime kijitoni. Walishajua kwamba ikizima, mzigo umefika.

Ikazima simu moja. Mkuu wa zamu akaisoma namba kwa sauti, akanigeukia kwa sababu eneo lile nilikuwa nalo mimi zamani.

"Hii unaijua?"

Namba ninayoijua kwa moyo ni yako tu. Haikuwa yako. Nikasema siijui, na nilikuwa nasema kweli, kwa sababu orodha nilishaifuta. Ndani yangu nikajiambia kwamba yeyote anayewabebea unga wakati wewe hupo, atakuwa ni mtu wao. Baada ya hapo skrini ikawa nyeupe, halafu ya kijivu, na mtu nyuma yangu akasema tayari.

Nilimshukuru Mungu pale pale kwenye kiti, kaka. Nilishukuru mpaka machozi yakanitoka, na mwenzangu akaniletea maji akidhani nimeguswa na vifo. Wanasema kazi imefanyika vizuri. Huenda nikapandishwa cheo. Nikipandishwa nitaomba likizo, nitakuja, nitakaa nawe na wifi, na nitakueleza kila kitu uso kwa uso.

Sitaki kujua mengine. Niambie neno moja tu, kwamba uko salama.

Mdogo wako


29 Julai

Mdogo wangu,

Barua zako mbili nimezipata, moja kabla na moja baada. Zote nimechoma.

Nilifanya ulivyosema. Ijumaa jioni nikaanza kulalamika kichwa, Jumamosi nikajifunika blanketi. Wifi yako alinikanda kwa maji. Mimi si mwigizaji, lakini nilikuwa natetemeka kweli, hivyo hakuna aliyetilia shaka. Nilipanga hivi: Fundi akija kunipitia atakuta naumwa, atarudi kwake, na ule mzigo utabaki barazani mpaka mambo yaishe. Wewe umekaa mjini miaka mingi, nakusamehe kusahau kwamba mmoja wetu akishindwa mwenzake anamkagulia. Mimi sina cha kusingizia. Ninaishi na desturi hii kila wiki, na bado sikuikumbuka mpaka nilipomwona mlangoni.

Alikaa pembeni ya kitanda. Alikuwa ameniletea dawa za maumivu, amezifunga kwenye karatasi. Akaniambia nipumzike, atanikagulia mizinga yangu kama kawaida, na mzigo atawapelekea yeye, maana Kofia akikosa unga atakuja kunifuata mimi na homa yangu. Nikamwambia asiende, kuna wingu. Akasema hakuna wingu. Nikamwambia nyuki wa wiki hii ni wakali. Akacheka, akasema hawajawa wakali kumzidi mkewe. Nikamshika mkono. Alidhani ni homa, akaufunika kwa blanketi, akatoka.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Watapiga leo, usiende, basi. Angenisikiliza, na asingeuliza mara mbili. Lakini Fundi hajawahi kuficha kitu usoni, angekwenda kumwambia mkewe, na mkewe ana mdogo wake kule msituni kwa Kofia. Nilikuona wewe umesimama mbele ya ukuta, bunduki zimekuelekea. Nikawapima, yeye na wewe, kwa muda ule wa mtu kutoka kitandani mpaka mlangoni. Nikasikia anauinua mzigo barazani, anaguna, anaongea na mbwa. Nikanyamaza.

Mlipuko ulitikisa vyombo kabatini. Wifi yako alipiga magoti akaanza kuniombea mimi mgonjwa.

Ulisema aliyezima simu ni mtu wao. Alikuwa ni yeye, alizima pale pale kijitoni, kwa sababu ya nyuki. Siku zilezile, njia ileile, kama ulivyotuomba. Kofia hakuwepo, alikuwa ameondoka asubuhi. Tulizika tulichokipata. Niliinuka kitandani siku ya pili nikaenda kuchimba, na watu wakasema tazameni, hata homa haijamtoka. Mizinga yote imeungua. Nyuki waliobaki wamekwenda juu ya paa la shule, wametanda pale, na hakuna anayethubutu kuwafukuza.

Mkewe alinifuata baada ya mazishi, na mtoto mgongoni. Nilijua anakuja kunitemea mate na nilisimama nikisubiri. Akanishika mikono yote miwili. Akasema mumewe alitoka nyumbani akiwa na furaha, kwa sababu alikuwa anakwenda kunisaidia mimi, na kwamba Mungu akinijalia afya nisiwasahau watoto wake. Alinishukuru, mdogo wangu. Alinishukuru kwa kuwa rafiki wa mumewe. Na mimi nikamjibu asante.

Nakata kuni za kule kwake sasa, nawaogesha wale wadogo. Yule wa mwisho amenizoea, analala kifuani kwangu. Wifi yako anasema nimekuwa mtu mwema tangu niugue. Nikimtazama usoni naona kwamba siku moja ataniuliza, na sijui nitamdanganya kwa maneno gani.

Sikulaumu. Nimejaribu, nikashindwa, maana wewe ulisema huijui namba na mimi nilikuwa naijua sura. Lakini usije likizo. Usimtume mtu, usilete zawadi, usimpe Mama Mitumba karatasi nyingine. Cheo wakikupa, kipokee, maana ukikikataa watauliza kwa nini, na kile nilichokinunua kwa Fundi kitakuwa kimepotea bure.

Umeniomba neno moja tu, na ni haki yako kulipata.

Niko salama.

Kaka yako